Nafasi Moja ya Kishamwara

Hapo zamani, zamani ya karibu tu ambayo baadhi ya watu wake wangali hai, palikuwa na mji mdogo uitwao Kishamwara, katika vilima vya Taita. Mji huo ulikuwa na soko, zahanati, shule mbili, na kitu kimoja ambacho miji mingi mikubwa haikuwa nacho: kituo cha elimu ya anga.

Kituo kilijengwa na wahandisi waliokuja kufuatilia satelaiti. Kazi yao ilipokwisha walifunga virago, wakaacha nyumba ya vyumba viwili ya kupokelea wageni, darubini moja, na antena moja ya kunasia picha za mawingu. Mlangoni waliacha kibao: KARIBU. KUINGIA NI BURE.

Waliacha pia mtu mmoja, Mwadime, fundi wao wa antena. Walipomwambia apande gari wafuatane mjini, aliuliza, "Na mlango atafungua nani?" Gari likaondoka bila yeye.

Basi akabaki. Kila siku saa mbili asubuhi alifungua mlango, akapangusa vumbi, akangoja. Mtu akija, alimwonyesha picha za sayari na kumweleza kwa nini mwezi hauanguki. Asipokuja mtu, alikaa kwenye kiti chake akasikiliza satelaiti zikipita juu, zikilia kama ndege aliyemo ndani ya mtungi. Saa kumi alifunga. Kesho yake alifungua mlango, akapangusa vumbi, akangoja. Mke wake alifariki, akamzika Jumamosi. Jumatatu alifungua mlango, akapangusa vumbi, akangoja. Ikapita miaka kumi na mmoja hivyo hivyo, mpaka watu wakaanza kumwita Mzee Mwadime, na kituo wakakiita kwa Mwadime.

Kituo kilikuwa na kamati, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Mama Wakesho, mkunga mstaafu. Nusu ya Kishamwara walikuwa wamepita mikononi mwake siku walipozaliwa. Alipewa uenyekiti kwa sababu alijua kukaa na jambo la mtu bila kulitembeza. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kila mwisho wa mwezi Mzee Mwadime alimletea kitabu cha wageni, yeye akatia sahihi chini, na kurasa zikatumwa makao makuu ya mambo ya anga. Sharti la makao makuu lilikuwa moja: kituo kikikosa wageni mia kwa mwezi, nusu mwaka mfululizo, kitafungwa, na vyombo vyake vitachukuliwa.

Kitabu hakikupungukiwa na wageni hata mwezi mmoja.

Sasa, chini ya kituo hicho palikuwa na ardhi, na ardhi ina mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Righa, mkulima wa maharagwe na mfugaji wa mbuzi. Baba yake ndiye aliyeitoa, kwa maandishi mafupi: ardhi itumike kwa faida ya watu wote, na siku itakapokuwa haitumiki, irudi kwa watoto wangu. Righa alikuwa na wana watatu waliokua, na hapakuwa na mahali pa kuwajengea. Kila asubuhi alipita na mbuzi wake mbele ya kituo, akachungulia dirishani. Alimwona Mzee Mwadime peke yake. Akipita jioni, alimwona Mzee Mwadime peke yake.

Siku moja akaenda kwa Mama Wakesho.

"Mama," alisema, "nakuja kukwambia kabla hujasikia kwa mwingine. Nimewaandikia makao makuu. Nimewaambia kituo hakina wageni. Nataka shamba la baba yangu."

"Righa, ungeanza kwenye kamati."

"Kamati ni wewe na Mwadime, na Mwadime ni rafiki wa marehemu mumeo. Ningeanza wapi?"

Mama Wakesho alimsindikiza hadi njiani. Aliagana naye, kisha akaketi kibarazani kwa muda mrefu, kwa sababu lilikuwapo jambo alilolijua na ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Miaka miwili nyuma, alipokuwa akitia sahihi ukurasa wa Agosti, macho yake yaliangukia jina la mumewe. Mumewe alikuwa kaburini. Alilitazama lile jina, limeandikwa kwa mkono mzuri, na badala ya kukasirika alifarijika kuona mtu mwingine bado anamkumbuka. Akatia sahihi. Baada ya hapo hakusoma tena majina.

Wiki tatu baadaye mkaguzi akafika. Aliitwa Bi Nasimiyu, mwanamke mpole wa miwani, mwenye kuuliza swali moja na kunyamaza hadi apate jibu. Alikagua darubini, akakagua antena, kisha akaketi mezani na kufungua kitabu cha wageni. Mbele yake walisimama Mama Wakesho, Mzee Mwadime, na Mghoi.

Mghoi alikuwa binti wa dada yake Mama Wakesho. Alikuwa amesoma fizikia chuoni, akarudi nyumbani kungojea kazi, na akiwa anangojea alianza kujitolea kituoni. Mwaka mzima Mzee Mwadime alimfundisha kuielekeza antena kwa mkono, ikifuata satelaiti kutoka upeo wa kusini hadi upeo wa kaskazini, kama mtu anayemsindikiza mgeni kwa taa.

"Mwezi uliopita wageni mia na kumi na wawili," Bi Nasimiyu alisema. "Na leo tangu asubuhi sijaona hata mmoja. Nielezeni."

Mzee Mwadime alitazama sakafu. Mama Wakesho alitazama dirisha.

"Majina hayo mengi si ya wageni," Mghoi alisema. "Hili hapa, Malemba Mwasi, ni babu yangu. Tulimzika miaka sita iliyopita."

Bi Nasimiyu aliweka kidole juu ya lile jina.

"Nilianza na jina la mke wangu," Mzee Mwadime alisema hatimaye. "Siku hiyo hakuja mtu yeyote. Nikawaza, angekuwa hai, angekuja kuniletea chai. Nikamwandika. Kesho yake nikawaandika wengine ambao najua wangekuja. Msingeniacha niendelee kufungua, kama nisingewaandika."

Bi Nasimiyu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwa kanuni, leo hii nafunga," alisema. "Uongo huu ningeugundua mwenyewe, ningefunga na ningeondoka na funguo. Lakini nimeambiwa na mtu wa hapa hapa, mbele yangu, bila kumbana. Kwa sababu hiyo nawapa miezi sita. Nikirudi nikute watu, watu wanaopumua. Nisipowakuta, vyombo vinapakiwa."

Gari lake lilipoondoka, Mzee Mwadime alichukua kofia yake akaenda zake bila kumwambia mtu kwaheri. Mama Wakesho alimgeukia Mghoi.

"Mwanangu, mbona hukumwambia yeye kwanza?"

"Mama mdogo, nilijua tangu Jumatatu, nilipoliona jina la babu kitabuni. Siku tatu nilikuwa nikienda kumwambia, nikifika namkuta anapangusa ile mipira ya mfano wa sayari kwa kitambaa chake, nashindwa."

"Umemvua nguo mbele ya mgeni."

"Najua," Mghoi alisema, na machozi yakamtoka. "Lakini ungetaka niseme nini? Kwamba babu alikuja kutazama mwezi?"

Kesho yake, saa mbili asubuhi, Mzee Mwadime alifungua mlango, akapangusa vumbi. Mghoi alipoingia, hakumsalimu. Siku ya tatu alimwambia, "Shika ule mwisho wa meza." Siku ya tano walikula muhogo kwenye sahani moja. Kuhusu kitabu hawakusema neno, siku hiyo wala baadaye.

Na Mghoi akaanza kazi. Maandishi yote ukutani yalikuwa ya lugha ya wale wahandisi. Aliyabandua, akayaandika upya kwa Kiswahili, na mengine kwa Kitaita, kwa herufi kubwa ambazo bibi asiye na miwani angezisoma. Alikwenda shuleni. Alikwenda kanisani, akaomba dakika tano baada ya matangazo. Alikwenda msikitini, akazungumza na imamu kuhusu mwezi mwandamo, na imamu akaja na darasa lake lote. Siku za soko alibeba darubini hadi penye wauza nyanya. Hakumruhusu mtu alitazame jua, maana jicho lingeungua. Alilielekeza jua lipite kwenye darubini na kumwagikia karatasi nyeupe, duara lenye ukubwa wa sahani, na ndani yake madoa meusi madogo.

"Nalo lina madoa?" aliuliza mama mmoja wa nyanya.

"Lina madoa, mama. Na doa moja tu laweza kuwa kubwa kuliko dunia yetu."

Yule mama alitazama karatasi, akatazama nyanya zake, akacheka hadi akashika ubavu. Juma lililofuata alikuja kituoni na majirani saba.

Watu wakaja. Mwezi wa kwanza arobaini, mwezi wa pili tisini, mwezi wa tatu kitabu kikajaa kurasa nne. Mzee Mwadime aliwapokea mlangoni, kila mtu akaandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe, yeye amesimama mbali na kalamu.

Righa hakuja. Alipita na mbuzi wake, akachungulia dirishani, akaona watu, akakaza mwendo.

Mwezi wa tano, asubuhi moja yenye jua kali na mbingu safi, Mzee Mwadime na Mghoi walinasa picha ya mawingu. Ilijichora kwenye kompyuta mstari baada ya mstari. Mghoi aliikodolea macho. Upande wa baharini palikuwa na wingu moja jeupe, zito, limejikunja, na ukilinganisha na picha ya jana lilikuwa limesogea sana.

"Mzee, unaona ninachokiona?"

"Naona. Na mbuzi wa Righa wako wapi leo?"

"Mto mkavu, chini kule. Na Mwakio, mwanawe mkubwa, yuko nao."

Mghoi alikimbia mpaka kwa Righa, akamkuta anapalilia.

"Bwana Righa, watoe mbuzi mtoni."

Righa aliinua uso, akatazama mbingu. "Kwa mvua ipi, binti?"

"Siwezi kukuapia kwamba itanyesha. Nimeona wingu kubwa linakuja upande wetu. Ningekuwa na mtu wangu mtoni, ningemtoa."

Ni lile neno *mtu* lililomtia wasiwasi Righa. Alitupa jembe, akashuka. Baba na mwana walipandisha mbuzi ukingoni kwa fimbo na matusi, na Mwakio akalalamika njia nzima kwamba malisho ni mazuri na jua linawaka. Alasiri mvua ikapiga vilima vya juu. Kishamwara kwenyewe yalidondoka matone tu. Lakini mto mkavu uliteremka ghafla, mwekundu, umebeba magogo na mzoga wa ng'ombe wa mtu, ukapita pale pale alipokuwa Mwakio na mbuzi wake asubuhi ile.

Siku iliyofuata Righa alipita na mbuzi wake mbele ya kituo. Aliwaacha barabarani, akaingia. Aliandika jina lake kitabuni. Akaomba aonyeshwe wingu.

Miezi sita ikatimia, Bi Nasimiyu akarudi. Aliwakuta watoto wa darasa la tano wamepanga foleni hadi barabarani. Alifurahi, lakini alikuja na tatizo jingine. "Watu mnao," alisema. "Ardhi hamna. Makao makuu hayatatengeneza paa hili linalovuja juu ya ardhi ambayo mwenyewe anaweza kuidai kesho."

Na wenye kuitaka walikuwepo. Kampuni moja ya hoteli ilikwisha kumwendea Righa. Ilitaka kujenga nyumba za watalii, iiache darubini pale pale, ila mlangoni kuwe na kiingilio. Ilimuahidi fedha za kutosha kuwanunulia wanawe wote watatu mashamba na kuwajengea. Wanawe walishakubaliana hata rangi ya mabati.

Righa alikwenda kwa Mama Wakesho, akaketi kibarazani pale alipoketi mara ya kwanza.

"Mama, nimewakatalia wale wa hoteli."

"Umewaambia watoto wako?"

"Nimewaambia. Mwakio amefunga nguo zake, amekwenda Taveta kulima shamba la kukodi. Amesema nimewapa watu wa mbali haki yake. Mwanangu yuko hai kunikasirikia, Mama. Nimeona hilo linatosha. Niandikieni karatasi ya kukipa kituo ile ardhi. Ila muweke neno moja: siku mtu atakapotozwa chochote kwenye ule mlango, ardhi irudi kwetu."

Karatasi ikaandikwa, Righa akatia sahihi. Paa likatengenezwa. Kituo kikabaki wazi, na kuingia kukabaki bure.

Hadithi ingeishia hapo, na sote tungekwenda kulala. Lakini ilikuja barua.

Barua ilitoka kwa Bi Nasimiyu. Vijana wa vyuo vya nchi walikuwa wameunda satelaiti ndogo, yenye ukubwa wa boksi la viatu, na ingerushwa kwa roketi katika nchi ya mbali. Makao makuu yalikuwa na nafasi moja kwa Kishamwara. Mtu atakayeipata angesafiri, angesimama uwanjani siku roketi inaruka, na ndiye angeichagulia satelaiti jina. "Iwe ni ya mtu aliyekifanya kituo kibaki wazi," aliandika. "Siwachagulii. Mama mwenyekiti aandike jina moja na kunirudishia barua kabla ya Ijumaa."

Mama Wakesho aliwaita Mzee Mwadime, Mghoi na Righa nyumbani kwake, akawapa chai, akawasomea barua. Alidhani watasukumiana heshima, kila mmoja akisema nenda wewe. Alikosea.

"Mimi nataka kwenda," Mzee Mwadime alisema mara moja, kikombe kikiwa bado mkononi. "Miaka thelathini, tangu siku za wahandisi, nasikia sauti za satelaiti. Sijawahi kuona hata moja ikiondoka. Na mimi ndiye niliyekiweka wazi. Ningefunga mwaka mmoja tu katika ile kumi na mmoja, wewe Mghoi ungerudi kutoka chuoni ukute zizi. Nilidanganya, ndiyo. Lakini uongo wangu ndio uliokifikisha kituo kwenye siku yako ya ukweli."

"Mzee, nakuheshimu," Mghoi alisema, "na yote ninayoyajua kwa mikono yangu nimeyapata kwako. Lakini uliuweka wazi mlango ambao watu hawakupita. Siku ile, ningenyamaza, mkaguzi angegundua, na angeondoka na funguo, alisema mwenyewe. Kisha nikawaleta watu, mmoja mmoja, sokoni, kanisani, msikitini. Nimewaonyesha watoto wa mji huu picha ya roketi mpaka imechakaa. Nami nataka kuiona."

Righa alisubiri wamalize. "Ninyi nyote mlikitetea kituo," alisema, "lakini hakuna aliyeweza kukifunga. Mimi niliweza. Nilikuwa na haki, nilikuwa na mnunuzi, na nikakataa. Mlichokitoa ninyi kiliwafurahisha mlipokuwa mkikitoa. Mimi mwanangu hajanisalimu tangu Pasaka."

"Barua iliyotaka kutufunga aliiandika nani?" Mghoi aliuliza.

"Niliiandika mimi, na ilisema kweli. Bila barua ile Bi Nasimiyu asingekuja, na Mzee hapa angeendelea kuwaandika marehemu hadi awamalize makaburini."

Mzee Mwadime alicheka. Ndiye aliyecheka wa kwanza. Wengine wakamfuata, na kwa muda ule mfupi walikuwa watu watatu wanaokunywa chai. Kisha kicheko kikaisha, na wote wakamgeukia Mama Wakesho.

Habari ikatoka nje, kama habari zinavyotoka. Wauza nyanya wakasema ni Mghoi, nani mwingine? Wazee wa kanisa wakasema ni Mwadime, kwani miaka haina mbadala. Wenye mashamba wakasema ni Righa, na anayebisha naye atoe shamba lake tuone.

Alhamisi asubuhi Mama Wakesho alifuta meza, akaweka karatasi, akachukua kalamu. Aliwaza juu ya mzee ambaye huenda mwakani asiwe na macho ya kuona roketi. Aliwaza juu ya binti wa dada yake, na jinsi watu watakavyosema ameipendelea damu yake. Kisha akawaza kwamba kumnyima kwa kuogopa maneno ya watu kungekuwa dhuluma ile ile. Aliwaza juu ya Righa, ambaye hakupenda nyota hata siku moja, na ambaye bado aliwaachia watu mahali pa kuzitazamia. Nje, kijana wa posta alikuwa amekwisha kuegesha pikipiki yake na kupiga honi.

Basi ninyi mnaonisikiliza, msimwachie mkunga huyu mzigo peke yake. Mmoja aliuweka mlango wazi kwa uongo, mmoja aliuokoa kwa ukweli, mmoja aliuachia haki yake baada ya kutaka kuufunga. Nafasi ni moja, na pikipiki inanguruma.

Je, nani alistahili kwenda?